Mtungi Ulionifia Mikononi

Machi 8
Nimefika. Mvua bado, vumbi limeniingia mpaka masikioni. Bosi anataka vitambaa arobaini vya pamba, vilivyosokotwa kwa mkono, vikafumwa kwa mkono, vikatiwa nili ya majani, si ya kopo. Anavitaka dukani mwisho wa Mei. Ameniagiza kama anayeagiza mkate. Daftari hili nimelinunua niandike hatua zote za kazi, maana wateja wa siku hizi wanapenda kujua shati lao lilikutana na nani kabla yao.

Nimepewa chumba kwa mtia rangi mwenyewe. Kila mtu anamwita Mama Nili. Ni mjane, amekula chumvi ya kutosha, na mikono yake ni ya buluu mpaka kwenye viwiko. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku akiniangalia mikono kabla ya uso. "Mikono safi," akasema. Sijui alinisifu au alinisema.

Machi 10
Leo nimeonyeshwa mtungi. Unakaa chumba cha nyuma peke yake, umeinuliwa juu ya mawe matatu na kuvikwa mablanketi mawili mazito, wakati mimi nalalia shuka moja. Mama Nili alipofunua, harufu ilinirudisha nyuma hatua mbili. Ndani maji si ya buluu hata kidogo. Ni ya kijani cha manjano, juu yana utando unaong'aa kama shaba, na katikati limekaa povu la buluu wanaloliita ua. Ua likiwepo, mtungi mzima. Ua likipotea, mtungi mgonjwa.

Alichovya kitambaa, akahesabu kimoyomoyo, akakitoa. Kilitoka kijani. Nikasema moyoni, hiki kimeharibika. Akakitandaza hewani, na mbele ya macho yangu kikaanza kugeuka, kutoka kwenye pindo kwenda ndani, mpaka chote kikawa buluu. Nilipiga ukelele kama mtoto. Nimepiga picha kumi na nne na hakuna hata moja iliyoonyesha kilichotokea.

"Huu haujawahi kumwagwa," akaniambia. "Nimeukuta kwa mama mkwe, naye aliukuta kwa mama mkwe wake. Unaongezwa, haumwagwi."

"Unakula nini?"

"Pumba, konzi moja kila asubuhi. Na maji ya majivu nikiona unataka."

"Majivu ya nini, Mama?"

"Majivu ni majivu," akasema, akafunika.

Machi 13
Mwanawe ndiye mfumaji. Wanamwita Kimya, na aliyempa jina hilo hakukosea. Siku tano nimemsikia maneno manne, mawili yakiwa "karibu chakula". Anafumia barazani mbele. Akishakaa kwenye kitanda cha kufumia hasikii mtu wala kuku. Wafumaji wengine watatu wa kijijini wanaleta vyao hapa, maana vitambaa vyote vinaishia kwenye mtungi huu mmoja.

Machi 15
Hakuna jipya. Nimepima upana wa vitambaa vinane. Havilingani hata viwili.

Machi 19
Bosi kapiga simu. Anasema rangi ilingane, kitambaa na kitambaa. Nikamfikishia Mama Nili. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Mwambie bosi wako mimi nimezaa watoto wawili, baba mmoja, na hawalingani."

Machi 22
Nilivuka ng'ambo ya mto kutafuta pamba zaidi. Kwenye nyumba moja kulikuwa na nguo za watoto zimeanikwa, buluu iliyopauka kabisa, kama nguo iliyofuliwa miaka mitano. Lakini ilikuwa nili, harufu ile ile. Nikarudi nikamwambia Mama Nili nimegundua mtia rangi mwingine. Nilidhani nimeleta habari njema.

"Hiyo ni rangi ya wizi," akasema, akaingia ndani.

Jioni Kimya alitumia maneno ya mwezi mzima kunieleza. Pale ng'ambo anakaa shangazi yake, dada wa marehemu baba. Bibi yake Kimya, yaani mama mkwe wa Mama Nili, alipofariki miaka kumi na moja iliyopita, shangazi aliondoka na chungu kimoja alichokichota mtungini. Mama Nili akamwita mwizi mbele za watu. Hawajasemeshana tena.

"Na shangazi alijiteteaje?"

"Hakuulizwa," akasema Kimya, akarudi kwenye kazi yake.

Nimeona ni ugomvi wa kijijini, watu wawili kununiana kwa ajili ya chungu cha maji yanayonuka.

Machi 26
Mvua imeanza. Imeanza kwa nguvu, bila salamu. Bati la chumba cha nyuma linavuja karibu na mtungi. Mama Nili ameweka beseni, akamuuliza Kimya ataziba lini hilo bati. Kimya akasema kesho. Nimeshaanza kujua kwamba kesho ya Kimya ni ndefu.

Machi 30
Mvua. Mtungi anaukoroga Mama peke yake. Nimemwomba anifundishe, akasema nitazame kwanza.

Aprili 2
Vitambaa kumi na viwili tayari, vimekolea hasa. Nimeruhusiwa kukoroga! Mara moja, taratibu, kutoka chini, bila kurusha maji. "Hewa ikiingia inausumbua," akasema. Nilijisikia kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa watu ambebe.

Aprili 5
Binti wa Mama Nili amejifungua salama mji wa jirani. Mama anakwenda siku tano kumshika mkono. Alitaka kumwachia Kimya mtungi, Kimya mwenyewe akasema, "Mama, mimi nikikaa kufuma nasahau hata kula." Hapo nikajitia kimbelembele. Niachie mimi, Mama, nimeshatazama vya kutosha. Akaniangalia mikono, kisha akasema:

"Konzi moja. Koroga mara moja. Funika. Ukiona umepoa, ongeza blanketi. Basi. Usiongeze akili yako."

Aprili 6
Konzi. Koroga. Funika. Ua liko vizuri.

Aprili 7
Konzi. Koroga. Funika. Mvua haijakata tangu jana.

Aprili 8
Nitaandika yote, maana hakuna mwingine nitakayemwambia.

Asubuhi ua lilikuwa dogo, halijai kiganja. Nikagusa ubavu wa mtungi, wa baridi. Nikaongeza blanketi langu. Saa nne ua halijarudi. Bosi kapiga simu hapo hapo, anauliza mbona picha zimekoma, kama siwezi kazi niseme atume mwingine. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi. Nikawaza, mtu akiwa na baridi si anaota moto? Nikachukua jiko la mkaa, nikalisukuma chini ya mtungi kati ya yale mawe. Moto mdogo tu, wa nusu saa.

Halafu nikatoka kwenda kukagua kitambaa kwa mfumaji wa nyumba ya tatu. Nikakuta chai. Nikakaa. Mvua ikashuka, nikasema ipungue kwanza. Mkaa sikuukumbuka. Naandika hivi bila kujitetea: sikuukumbuka.

Nilirudi saa kumi. Kimya yuko barazani anafuma, mvua inapiga bati, hajasikia wala kunusa kitu. Mtungi ulikuwa wa moto kiasi kwamba sikuweza kuuwekea mkono. Nikatoa jiko, nikafunua. Maji yamekuwa ya kahawia. Utando wa shaba haupo. Ua halipo. Harufu ya yai viza.

Aprili 9
Nimechovya kipande cha pamba. Kimetoka na rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Nimekitandaza hewani na kungoja na kungoja. Hakikugeuka.

Nimetoa pumba konzi, nimekoroga, nimefunika. Sijui kwa nini.

Aprili 10
Mama Nili amerudi na uso wa furaha, anaeleza mjukuu ana nywele tele. Hakuvua hata viatu, akaenda chumba cha nyuma. Nilimsikia akifunua.

Nikamfuata. Amesimama, mikono yote miwili imeshika mdomo wa mtungi. "Umekuwaje?" akauliza. Hakuniuliza mimi, aliuuliza mtungi.

Na mimi nikasema, "Mama, bati lilivuja. Maji ya mvua yaliingia."

Neno lilitoka lenyewe. Beseni lilikuwa pale pale, limejaa, na mimi nikalitazama kana kwamba ni shahidi wangu.

Mama Nili aligeuka, akanipita, akatoka hadi barazani kwa mwanawe. "Kesho, kesho, kesho," akamwambia. "Umeuua mtungi wa bibi yako." Kimya akaacha kufuma.

Aprili 12
Mama Nili amejaribu pumba, amejaribu majivu, ameuimbia. Ndiyo, ameuimbia. Mimi nakaa chumbani nikijifanya nina homa.

Aprili 13
Mvua. Kimya na mama yake hawaongei. Zamani Kimya alikuwa haongei kwa hiari.

Aprili 14
Nilimkuta Kimya amekaa chumba cha nyuma anatazama dari. Akaniambia, "Nilitakiwa kuziba ile siku ya kwanza. Ni dakika kumi tu." Ameamini. Uongo wangu ameupokea na kuuvaa.

Nimeandika barua ya kuacha kazi. Nimeichana. Kuacha kazi si kusema kweli.

Aprili 16
Leo Kimya alipanda juu ya paa mvuani kuziba bati. Mama yake alikuwa chini, hasemi ashuke, hasemi apande. Mguu ukateleza, akashika ukingo wa bati ili asianguke, na bati likamchana kiganja cha kulia toka kidole gumba hadi kifundo. Alishuka akiwa ameushika mkono kwa mkono mwingine, damu inatiririka na maji. Mkono wa kufumia.

Tulimfunga kwa kitambaa cha pamba, cheupe, cha kwenye mafungu yangu. Mama Nili alifunga fundo, na huku anafunga akasema kwa sauti ya chini, "Mchuma janga hula na wa kwao." Alimaanisha mwanawe ndiye aliyelichuma.

Nikasema, "Si yeye."

Wakanitazama wote.

"Si bati. Maji ya mvua hayakuingia hata tone. Niliweka jiko la mkaa chini ya mtungi, nikaondoka, nikasahau. Nimeuchemsha. Ni mimi, Mama."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Hayakuja. Mama Nili aliuweka mkono wa mwanawe juu ya paja lake, akaushika hivyo, na machozi yakaanza kumtoka bila uso kujikunja.

"Siku sita," akasema. "Siku sita nimemla huyu mtoto, na wewe uko ndani unakula chakula changu, unaniambia pole Mama."

"Ndiyo, Mama."

"Mtungi ningekusamehe. Mtungi ni kosa. Hili jingine si kosa." Akanyanyua kichwa. "Toka mbele yangu."

Nimetoka. Nimekaa kwenye ngazi za duka hadi giza lilipotaka kuingia, muuza duka akanionea huruma, akanipa kigoda. Nilimpigia bosi nikamwambia vitambaa vilivyotiwa rangi ni kumi na viwili, na vingine sijui, na kosa ni langu, nikamtajia lenyewe. Akasema tutaongea ukirudi. Kwa lugha yake hiyo ni kwamba nimemwaga unga. Ajabu, haikuniuma kama nilivyodhani.

Aprili 17
Nimevuka mto bila kumwomba mtu ruhusa. Shangazi yake Kimya ni mwembamba, mwepesi wa maneno, na alinikaribisha kabla sijajieleza. Nikamwambia yote, mkaa, uongo, mkono wa Kimya. Aliposikia mtungi umekufa alikaa chini ghafla.

"Ule mkubwa? Wa mama?"

"Ndiyo, Shangazi."

Akanionyesha wake. Ni chungu cha kiasi cha ndoo mbili, kimefunikwa kwa koti la kiume. Ua lipo. Dogo, jembamba, lakini lipo. Miaka kumi na moja amekilisha na rangi haijawahi kukolea. "Huwa kinanipa buluu ya anga tu," akasema. "Ile ya usiku wa manane hakijawahi kunipa. Nachovya mara kumi na tano, napata anga." Lakini hajakiacha.

Nikamwomba achote kidogo nipeleke. Akakataa kwa upole kabisa.

"Mama ndiye alinipa hiki chungu kwa mkono wake. Alisema, mwanangu, mtungi mmoja si salama, nenda na mbegu. Wifi yangu aliniita mwizi kabla sijafungua kinywa. Sasa mwambie mbegu ipo. Ila aje mwenyewe, aniombe kwa mdomo wake."

Aprili 18
Nimepeleka ujumbe, nimesimama mlangoni kama mdai. Mama Nili anachambua pumba za mtungi usiokula. Alisikiliza mpaka mwisho. "Bora mtungi ufe," akasema.

Kimya alikuwa amekaa pembeni, mkono umefungwa. Akaongea, na haya nayaandika kama alivyoyasema, maana sidhani kama atarudia.

"Mama, mimi nimebeba kosa lisilo langu siku sita. Hukuniuliza kama beseni lilikuwepo. Hukuniuliza chochote. Nimekaa nikawaza, na shangazi naye hukumuuliza. Asiyekuwapo na lake halipo. Mimi siku sita zimenichosha. Yeye ana miaka kumi na moja."

Mama Nili aliendelea kuchambua pumba. Nilitazama vidole vyake. Vilikuwa vinachambua hewa.

Aprili 19
Mvua.

Aprili 20
Asubuhi Mama Nili amejifunga kitambaa kichwani, akaniambia, "Wewe uliyeuua mtungi, beba chungu." Tumevuka mto watatu, maji yakiwa magotini. Njia nzima hakunitazama.

Wifi yake alikuwa amesimama mlangoni, kama mtu aliyesimama hapo tangu juzi. Hawakusalimiana. Mama Nili alisema haraka haraka, kama anayemeza dawa, "Nimekuja kuomba mbegu. Na nilikuita mwizi bila kukuuliza."

"Mama alinipa," akasema wifi.

"Nimesikia."

Wakaingia ndani. Wifi akafunua chungu. Mama Nili akachovya kidole, akakiweka kwenye ulimi, akafumba macho. Nilimwona anabadilika rangi, na sisemi kwa mzaha.

"Unakitia majivu ya nini?"

"Mkaratusi. Si wewe uliniambia? Mama alifariki kabla hajanifundisha majivu, nikamtuma mtoto wa jirani akuulize, mwezi ule ule. Ukamwambia mkaratusi, wa mlimani, mti mzima ukauke kwanza. Mpaka leo napanda kule na shoka."

Mama Nili akakaa sakafuni. Si kwenye kigoda kilichokuwepo, sakafuni.

"Ni mgomba," akasema.

"Nini?"

"Majivu ya mgomba mkavu. Nilikudanganya. Nilitaka rangi ikufie. Nilingoja nisikie imekufa, sikusikia, nikasema basi, ana roho ngumu." Akashika kichwa. "Juzi nimemfukuza huyu mbele yangu kwa uongo wa siku sita."

Wifi yake alinitazama, akamtazama, akatazama dirishani. Nyuma ya choo chake kuna migomba, mingi, mingine imeanguka na kuozea pale pale.

"Mgomba," akasema. "Miaka kumi na moja nakata mkaratusi. Nimeumaliza mlima. Mgongo huu daktari ameniambia umepinda, nikasema ni uzee. Na mgomba unaoza hapa, naruka juu yake nikienda chooni!"

Nilidhani atacheka. Halafu nikadhani atampiga. Kimya alisogea karibu na mama yake, mkono wake ukiwa kwenye kitambaa.

"Kaa hapo hapo," wifi akamwambia Mama Nili. "Usinyanyuke. Nitakutukana kwanza, yote niliyoyaweka. Nikimaliza tutachoma majivu."

Aprili 21
Jana alimtukana hadi saa sita mchana. Mimi na Kimya tulikuwa nje, tunakata mgomba, yeye kwa mkono mmoja.

Aprili 24
Tumeumwaga mtungi. Mama Nili hakuweza, akamwachia wifi yake na mimi. Ulikuwa mzito kuliko nilivyofikiri.

Aprili 28
Mbegu imeingia mtungini. Wifi anakuja kila siku, wanagombana kuhusu kipimo cha pumba. Kwangu Mama Nili anasema "lete" na "weka" tu. Nashukuru hata hayo.

Mei 3
Bado.

Mei 6
Bado. Bosi amenitumia ujumbe nirudi na hivyo kumi na viwili. Nimemjibu nitarudi mvua ikikatika, kuna kitu nakilisha. Jibu lake sijalisoma.

Mei 11
Ua limetoka. Wifi ndiye aliyeliona, alipiga yowe tukadhani nyoka. Kubwa, la buluu nzito, limejaa katikati ya mtungi. Mama Nili akamwambia, "Chovya wewe." Wifi akachovya kipande cha kwanza, akakitoa kijani, akaanza kukitandaza, mikono yake imenyooka mbele kama anampokea mtu.

Nikageuka kumtazama Mama Nili, hayupo. Nilimkuta nje nyuma ya nyumba, amesimama kwenye migomba, amejifunika uso kwa viganja vyake vya buluu, analia kwa sauti. Sikujua kama nina haki ya kumsogelea. Nikamsogelea.

"Mara moja tu," akasema. "Amechovya mara moja, si kumi na tano. Angekuwa anachovya hivi muda wote, binti yangu. Miaka yote ile."

Ni mara ya kwanza kuniita binti tangu niseme kweli. Nilimshika mkono. Ndani wifi yake alikuwa anatuita kwa nguvu, kitambaa kimeshageuka, kinazidi kukolea, tunafanya nini huko nje wakati yeye anaangalia peke yake.